Kiwanda cha Ng'ambo na Lokole ya Mama

King'ora cha kiwanda cha nguo kilitufikia nyumbani Lubunga kikiwa kimechoka. Kilianzia ng'ambo, upande wa Simi-Simi, kikavuka Mto Kongo kwa upana wake wote, kikapenya ukungu wa asubuhi, na kilipoingia uani kwetu hakikuwa tena mlio mkali wa chuma. Kilikuwa sauti nene, yenye unyevu, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa tupu. Mama alikuwa akikaanga mikate ya kuuza, ile ya mviringo inayovimba ndani ya mafuta ya mawese, na alipokisikia alijua ni wakati wa kuniamsha. Jirani yetu alikitumia kuepua chikwange, mihogo iliyofungwa majanini, jikoni. Mwalimu wa shule ya jirani alikitumia kuanza safari yake ya darasani. Kiwanda kile kilipanga siku nzima ya watu ambao wengi wao hakikuwa kimewapa kazi, na nilipokuwa mtoto sikuona ajabu yoyote katika jambo hilo.

Kwa msomaji asiyeujua mji wa Kisangani, nieleze jinsi ulivyolala. Mto unaupasua pande mbili. Upande wa kulia kuna ofisi, benki, bandari, hospitali kubwa, maduka na viwanda. Upande wa kushoto, rive gauche kwa Kifaransa, kuna Lubunga, wilaya yetu, yenye mashamba ya mihogo, masoko madogo na watu wengi wenye nguvu za kufanya kazi. Hakuna daraja. Kuna kivuko, ambacho hufanya kazi kinapofanya kazi, na kuna mitumbwi. Kijana wa ng'ambo na kijana wa kwetu wangeweza kusoma darasa moja, kupata alama zilezile na kushika nyundo kwa ustadi uleule, lakini mmoja angefika langoni kwa miguu na mwingine angemtegemea mpiga makasia, mkondo wa maji na ukungu. Wakubwa wa kazi walilijua hilo. Kwa hiyo kulikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote. Mtu akifika kuomba kazi, swali la kwanza lilikuwa, "Unakaa wapi?" Akijibu Lubunga, aliambiwa asimame kando, na jua lilimkuta pale kando mpaka aliporudi nyumbani.

Watu wetu walijifunza kujibu. Karibu kila familia ya Lubunga ilikuwa na ndugu ng'ambo, na siku ya kuomba kazi ua wa ndugu huyo uliazimwa kama shati. Ukivuka kwa mtumbwi ulibeba viatu mkononi, ukishuka uliosha miguu, ukaikausha kwa kitambaa, ukavaa soksi na viatu, na ulipofika langoni ulikuwa mkazi wa Mangobo au Kabondo, mitaa ya ng'ambo, tangu kuzaliwa. Jambo la kukufichua lilikuwa upindo wa suruali. Mwenye suruali iliyolowa kwa chini hakuhitaji hata kuulizwa.

Papa, baba yangu, alikuwa fundi. Alisomea kazi ya vyuma katika shule ya ufundi, na katika miaka ninayoizungumzia alitengeneza baiskeli na injini za mitumbwi chini ya kibanda mbele ya nyumba yetu. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye vidole vikubwa vilivyoweza kuokota skrubu ndogo kuliko punje ya mchele. Kazi hiyo ilitulisha siku ambazo baiskeli ziliharibika. Alichokitaka yeye ni kazi ya karakana ya kiwanda, kutengeneza mashine za kufuma, kwa sababu kazi ile ilikuwa na mshahara wa kila mwezi, matibabu ya mke na watoto, msaada wa karo, na kitenge kwa kila nyumba mwisho wa mwaka. Mwaka ule nilikuwa nimerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, na dada yangu mdogo alikuwa na homa isiyoisha. Kwa hiyo habari zilipovuka maji kwamba karakana inatafuta mafundi, Papa alipiga pasi suruali yake moja nzuri, Mama akamfungia mikate katika jani, naye akaenda ng'ambo kuwa mtu wa Mangobo.

Yaliyotokea langoni alitusimulia yeye mwenyewe jioni ile, tukiwa tumeketi kuzunguka sahani ya lituma, ndizi zilizopondwa, na samaki, na baadaye aliyasimulia mara nyingi bila kuongeza chumvi. Mkuu wa wafanyakazi alikuwa mtu wa Maniema, mrefu, mwenye kofia nyeupe iliyofumwa, aliyeitwa Chef Ramazani.

"Weye unakaa wapi?" alimuuliza Papa.

"Mangobo, Chef."

"Kwa nani?"

"Kwa dada yangu, Chef."

Dada yake aliishi Mangobo kweli, na Papa alilitamka neno hilo bila kutetemeka. Chef alimpitisha. Waliopita waliambiwa wapande lori la kiwanda liwapeleke karakana, mwisho kabisa wa uwanja, wakajaribiwe. Wenzake walirukia juu. Papa, akili yake yote ikiwa tayari kwenye mashine, alifika kwenye lori akainama. Alifungua kamba za viatu. Akavifunga viatu pamoja, akavitundika shingoni. Akakunja suruali mpaka magotini. Kisha akainua mguu mmoja mtupu, akaukanyagisha taratibu katikati kabisa ya sakafu ya lori, akachuchumaa, akashika kingo kwa mikono miwili. Hivyo ndivyo anavyopanda chombo kila mtu aliyezaliwa kando ya mto wetu, na mwili wake haukumuuliza ruhusa.

Lori zima lilipasuka kwa kicheko.

"Papa, na kasia yako iko wapi?" mmoja alipiga kelele.

"Muache kutikisika! Camion itapinduka, Papa hapana kujua kuogelea!"

"Rive gauche nzima imepanda!"

Chef Ramazani hakucheka. Alizunguka nyuma ya lori, akaitazama miguu ya Papa kwa muda.

"Mangobo kuko maji gani ya kuvulia viatu?"

Papa alianza kukunjua suruali yake.

"Unakaa Lubunga."

"Ndiyo, Chef."

"Kwa nini ulinidanganya?"

"Juu ningesema Lubunga, Chef, haungeniuliza swali la pili."

Papa alitwambia kwamba hakukusudia kujibu hivyo, na kwamba mara tu alipofunga mdomo alianza kuvifungua viatu shingoni ili avivae aondoke. Lakini yule mtu wa Maniema alikuwa bado amesimama. "Bon," alisema. "Swali la pili ni hili. Asubuhi ukungu ukifunga mto, utapita njia gani?"

"Ya moja kwa moja, Chef. Kwetu ni hapo mbele. Maji yenyewe yanashuka huku."

"Kama hauone maji?"

"Nitasikia."

Papa alijaribiwa kwenye mashine akiwa peku, akapita. Masharti ya Chef yalikuwa mafupi: mwezi mmoja wa majaribio, na siku atakayokuwa nje ya lango king'ora kikilia, asirudi hata kuulizia.

Mama alicheka hadithi ya lori mpaka akaweka mwiko chini. Alipomaliza kujifuta macho aliuliza, "Na utasikia nini?" Kumbukumbu yangu ya msimu ule inaanzia hasa katika swali hilo, kwa sababu Papa aliweka samaki pembeni na kutufafanulia, akichora kwa kidole juu ya ardhi. Kiwanda kilinguruma mchana na usiku, lakini mngurumo wake ulitawanyika juu ya maji. Ndani ya ukungu ulionekana kutoka mbele, kushoto na kulia kwa pamoja, na mkondo ungeweza kuugeuza mtumbwi bila mwenyewe kujua. Alihitaji sauti nyingine, ndogo, ya mahali pamoja, nyuma yake. Akiiweka sauti hiyo kisogoni na asiiruhusu kuhamia kwenye sikio lolote, angefika. Mama alisikiliza, kisha akainuka, akaingia chumba cha nyuma, na tukasikia magunia yakisukumwa.

Lokole ilikuwa ya babu yangu mzaa mama, mtu wa Yanonge, chini ya mto. Ni ngoma ya gogo la mti mwekundu lililochimbwa ndani kupitia mpasuko mwembamba, lenye midomo miwili, mmoja wa sauti ya juu na mwingine wa sauti ya chini. Kwa watu wetu wa mtoni, mpigaji aliyejua aliweza kusema nayo karibu kila kitu, na vijiji vya mbali vikasikia. Babu alipofariki ilikuja kwetu kwa mtumbwi, ikawekwa chini ya magunia ya mahindi, kwani Papa hakujua kuipiga na mtoto wa kiume hatukuwa naye. Mama alijua. Alijifunza kwa kumsikiliza baba yake, kama mtu anavyojifunza wimbo wa jirani.

Asubuhi ya kwanza tuliiburuta mpaka ukingoni, mimi na yeye, wakati Papa akisukuma mtumbwi. Ukungu ulikuwa mweupe na mzito, wenye harufu ya matope na moshi wa kuni mbichi. Papa alipotea hatua chache tu toka tulipo. Mama akaanza kupiga, jina la Papa kwanza, halafu maneno yanayosema nyumba iko hapa, tena na tena. Haukupita muda mrefu nyuma yetu wakatokea bibi wa jirani, vitenge vimefungwa kiunoni kwa ajili ya msiba, mmoja tayari amevua kilemba, kwa sababu lokole alfajiri ilikuwa na maana moja tu kwao.

"Nani amekufa?"

"Hakuna mutu," Mama alijibu bila kuacha kupiga. "Papa Mado anaenda kazi." Mado ndiye mimi.

Walibaki wamesimama. Machozi yalikuwa tayari na hayakuwa na pa kwenda. Halafu mmoja wao akaanza kucheka, na walirudi majumbani wakichekana wao kwa wao.

Tonton Losala, kaka wa Mama, alichukua jambo hilo kwa uzito zaidi. Alikuja mchana, akakataa kiti. "Mwanamke hapigi lokole," alisema. "Watu wa Yanonge wakisikia watatucheka mpaka Isangi."

"Alors, Tonton, kuja upige weye," Mama alimjibu. "Kesho, mbele ya jogoo kuwika."

Tonton alikuja kweli. Alipiga vizuri kuliko Mama, ni lazima niseme, kwa kifua kilichojaa. Alikuja siku chache. Kisha goti likaanza kumuuma asubuhi tu, na akatufikishia maoni yake kwamba sheria ile huenda ilikuwa ya vijijini zaidi kuliko ya mjini.

Kwa hiyo tukabaki na Mama, na mimi nikajifunza. Utaratibu wetu ulikuwa wazi. Tulipiga tangu Papa alipoingia ukunguni mpaka king'ora kilipolia. King'ora kikilia, kazi imeanza, na Papa yuko ndani au hayuko. Kupiga zaidi hakukuwa na faida. Tuliibeba lokole, tukarudi, Mama akawasha moto wa mikate. Mkono wake ulipochoka alinipa fimbo zenye ncha za mpira, nami nikapiga yale maneno matatu niliyoyajua. Sijawahi tangu hapo kufanya kazi iliyonipa furaha safi kama ile: kusimama kwenye matope baridi, kutoona kitu, na kujua kwamba kwa kila pigo kuna mtu mmoja katikati ya maji anayejua mgongo wake uelekee wapi. Jioni Papa alirudi akipanda mkondo, akibana kwenye kingo ambako maji ni mapole, na kurudi kulichukua muda mrefu sana kuliko kwenda. Mto ulimpeleka kazini bure, kisha ukamlipisha njia ya kurudi.

Mwezi ulikuwa unaelekea mwisho ilipofika asubuhi ambayo king'ora hakikulia. Ukungu siku ile ulikuwa mzito kuliko wote. Papa aliingia, Mama akapiga, mimi nikampokea, akanipokea. Mwanga ukaongezeka. Watoto wa shule walianza kupita nyuma yetu, na bado ng'ambo kulikuwa kimya. Hata mngurumo wa mashine haukuwepo. Sikuwahi kuusikia mto ukiwa kimya vile. Ikiwa kiwanda hakingurumi, Papa hakuwa na sauti ya mbele kabisa. Alikuwa na sisi tu. Mama alipiga bila kupumzika. Moto wa mikate haukuwashwa, wateja walikuja na kuondoka. Viganja vyangu vilitoka malengelenge. Tonton Losala alitokea bila kuitwa, akanitoa fimbo mkononi, akapiga, goti na yote. Wale bibi wa msiba walikuja tena, safari hii hawakuuliza kitu, wakaketi kwenye mitumbwi iliyopinduliwa.

Ndipo kutoka ng'ambo ikaja sauti ngeni. Ilikuwa nyembamba na kavu, ya chuma kikigongwa. Ikalia, ikanyamaza, ikalia tena kwa mpangilio.

"Nyamaza, Tonton," Mama alisema. Tulisikiliza wote. Chuma kikalia mara nyingine. Mama akaketi kwenye matope pale pale aliposimama. "Amefika."

"Unajuaje?" Tonton aliuliza.

"Nani kule angegonga chuma kwa ajili yetu, kama wa kwetu hayuko ndani?"

Alikuwa sahihi. Umeme ulikuwa umekatika kiwandani. Papa alivuka kwa sauti ya nyuma peke yake, akatua chini kidogo ya mahali pake pa kawaida, akakimbia kando ya ukingo na kuingia langoni huku wafanyakazi wengi wa ng'ambo wakiwa bado njiani, wakidhani siku haijaanza kwa kuwa hawakusikia king'ora. Chef Ramazani alikuwa amesimama pale, akitega sikio. Kwa mara ya kwanza mashine hazikuifunika sauti yetu.

"Ile ngoma ni ya matanga?" alimuuliza Papa.

"Hapana, Chef. Ni madame yangu. Ananionyesha njia. Anangoja king'ora kilie ndiyo aache."

"King'ora leo hakilii."

"Basi ataendelea."

"Mpaka saa ngapi?"

"Chef, hauijue ile mwanamke."

Chef alicheka mpaka akaishika kofia yake isidondoke. Kisha akamwita mlinzi, akamwambia agonge kile kipande cha reli kilichotundikwa langoni kwa ajili ya hatari ya moto. "Gonga vizuri," alisema, "ule mama apumuzike."

Papa aliandikwa kazi. Nilirudi shuleni, dada yangu akaonwa na daktari, na mwisho wa mwaka tukavaa wote kitenge kimoja chenye maua ya rangi ya machungwa, tukaonekana kanisani kama kwaya. Lililodumu zaidi lilikuwa lile swali. Watu wa Lubunga waliporudi langoni, Chef aliwauliza wapi wanakaa, na waliposema Lubunga aliendelea kuuliza watapita njia gani. Wenye jibu waliingia. Baada ya muda mitumbwi kadhaa ilivuka nyuma ya Papa, na lokole ilipigwa kwa zamu na wake zao. Tonton aliwafundisha kwa ukali mkubwa.

Leo nina karakana ya cherehani hapa hapa Lubunga, karibu na kivuko. Shule niliiacha kabla ya kuimaliza. Mashine nilizisoma kwa kuzifungua, na vitabu kwa kuviazima. King'ora sijakisikia kwa miaka mingi. Mitumbwi ina injini, na katika kila mtumbwi kuna simu inayoonyesha mtu alipo. Ukungu haujabadilika. Matangazo ya kazi sasa hufika pande zote mbili za mto kwa dakika ileile, na mara ya kwanza nilipoliona hilo nilidhani jambo limekwisha. Halafu mpwa wangu alinisomea tangazo lililotaka waombaji wafike wenyewe Kinshasa, na muda uliotolewa ulikuwa mfupi kuliko safari ya boti. Nilielewa kwamba Kisangani nzima, pamoja na benki zake, ni Lubunga ya mtu mwingine, na kwamba kwa mtu wa Yahuma, kule mbali msituni, sisi nasi ni ng'ambo. Kazi nzuri bado ina lango, na lango bado liko mahali fulani. Hata hivyo siwezi kuandika kwa uchungu. Mpwa wangu aliandika kuuliza kama angeweza kujaribiwa kwa simu. Walimjibu ndiyo. Nani alimfundisha kuuliza hivyo, nafikiri najua.

Papa ni mzee sasa. Anaketi nyuma ya karakana yangu na kunoa mikasi. Kila anapopanda pikipiki au gari huvua viatu kwanza, na siku hizi nina hakika anafanya makusudi. Wiki iliyopita msichana mmoja alikuja kuomba kazi. Nilimpa cherehani iliyokwama, akaifungua kwa utulivu na kuona kosa upesi. Nikamuuliza, bila kufikiri, anakaa wapi.

"Hapa karibu, Mama," alisema, akitazama pembeni.

Vumbi la miguuni mwake lilikuwa lile jekundu la barabara ya Yanonge, mbali kupita mwisho wa wilaya yetu. Huko nyuma mkasi uliacha kunolewa. Papa alikohoa kidogo, kikohozi cha mtu asiyekuwa na kikohozi.

"Asubuhi," nilimuuliza yule msichana, "utapita njia gani?"

Alinitazama kuona kama namdhihaki. Kisha akavuta pumzi na kuanza kunieleza, kutoka mlangoni kwao. Ilikuwa njia ndefu. Nilimvutia kiti.